Sura ya Saba: Mashine Ililala Nzima, Imeamka Imekufa

Mwezi wa sita ukishaingia na mvua zikakatika, swali moja husikika kuanzia Lamadi, kando ya Ziwa Victoria, mpaka kwenye bustani zilizo pembezoni mwa mto Simiyu na mto Duma: "Hii mashine niliihifadhi ikiwa nzima kabisa. Mbona leo haiwaki?"

Chukua mfano wa mama mwenye bustani ya nyanya Lamadi. Mashine yake ya maji ni ya petroli, ya zamani, aliachiwa na kaka yake. Novemba iliyopita, watu walipoanza kupanda pamba, aliifuta vumbi, akamwaga petroli iliyobaki, akaiweka stoo nyuma ya magunia. Miezi saba baadaye anaitoa. Kijana wake anavuta kamba mara ishirini, mpaka kiganja kinatoka lengelenge. Petroli inafika. Plagi ni mpya. Mashine kimya, na miche ina siku tatu haijanyweshwa.

Anamwita fundi.

"Mwangaluka, mama. Inasumbua nini?"

"Mwangaluka, baba. Haiwaki. Wananiambia koili imekufa, niagize nyingine Mwanza."

"Mwanza tusiende kwanza. Niletee karatasi moja ya daftari."

Hilo la karatasi tutalirudia. Kabla ya hapo inabidi tujue fundi anatafuta nini ndani ya mashine ile, maana sura hii yote inahusu vipande viwili vya chuma, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mahindi, ambavyo vimefanya injini nyingi nzima zitupwe kwenye vyuma chakavu.

Je, injini yako inazo pointi?

Pointi ni vichwa viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana ndani ya injini ya petroli ili plagi itoe cheche. Si kila injini inazo, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza siku nzima.

Injini ya dizeli haina pointi, wala haina plagi ya cheche. Yenyewe huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa. Kwa hiyo matrekta mengi unayoyaona yakilima mbuga za Bariadi, Itilima na Maswa, yakiwemo Massey Ferguson nyingi, hayahusiki na sura hii. Hata pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili, ambalo lilisambaa sana wilayani baada ya mpango wa Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, kwa kawaida lina injini ya dizeli. Likikataa kuwaka, tazama mafuta, hewa kwenye bomba la mafuta, na nozeli.

Injini ndogo za petroli za siku hizi pia hazina pointi. Honda walipoleta injini zao za GX mwaka 1983, waliziweka mfumo wa kielektroniki, na injini za Kichina zilizojaa madukani zimefuata umbo hilohilo. Briggs & Stratton wa Marekani waliacha pointi kwenye injini zao nyingi ndogo kuanzia mwaka 1982. Kwa hiyo mashine ya maji iliyonunuliwa dukani miaka ya karibuni haina pointi za kusafisha. Kuifungua ukizitafuta ni kujichosha bure.

Wenye kuhusika ni hawa: injini za petroli za miaka ya 1970 na kurudi nyuma, Honda za G150 na G200, Briggs za zamani, jenereta kuukuu, pikipiki za kale kama Honda CG 125 za toleo la mwanzo, na matrekta ya petroli ya wakati wa wakoloni. Ni mashine za wazee, zinazorithiwa na kuuzwa mkono kwa mkono. Bado zipo, na bado zina nguvu za kulisha familia.

Kwa ufupi: dizeli haina pointi, petroli mpya haina pointi, petroli ya kabla ya miaka ya 1980, karibu zote zinazo.

Manati ya umeme

Sasa tuone zinafanya kazi gani. Mtoto yeyote aliyechunga ng'ombe anaijua manati. Unavuta mpira, unatulia, kisha unauachia ghafla. Jiwe linaruka kwa sababu umeachia ghafla. Ukiurudisha mpira taratibu, jiwe linakudondokea miguuni, ingawa nguvu uliyovutia ni ileile.

Ndani ya injini, flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na shafti, limebeba sumaku. Sumaku ikipita karibu na koili, yaani mviringo wa nyaya nyembamba zilizosokotwa kwenye chuma, inazalisha umeme mdogo. Umeme huo unapita kwenye pointi zikiwa zimegusana. Huko ndiko kuvuta mpira. Kisha kemu, kiuvimbe kilicho kwenye shafti, kinasukuma pointi moja itengane na mwenzake. Njia inakatika mara moja. Umeme mdogo uliokatwa ghafla unaamsha umeme mkubwa kwenye nyaya za pili za koili, volti 10,000 na zaidi, nao unaruka kwenye plagi. Jiwe limetoka.

Ufundi huu una umri mkubwa. Mjerumani Gottlob Honold, akifanya kazi kwa Robert Bosch, alitengeneza magineto ya volti kubwa pamoja na plagi yake mwaka 1902. Magineto ndiyo jina la mfumo huu wa sumaku na koili, usiohitaji betri. Kwa miaka themanini hivi injini ndogo ziliendelea kutumia wazo hilohilo.

Pembeni ya pointi kuna kijikopo kidogo cha bati chenye waya mmoja: kondensa. Pointi zinapoachana, umeme hutamani kuruka kwenye upenyo uliofunguka, kama mtu anayerukia basi lililokwisha ondoka kituoni. Kondensa inaupokea umeme huo kwa muda mfupi mno, ili usiruke wala kuunguza pointi, na ili kukatika kuwe kwa ghafla kweli. Bila kondensa, mpira wa manati unarudi taratibu.

Fikiria kazi ya vipande hivi. Injini ndogo ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, na nyingi za magineto hurusha cheche kila mzunguko mmoja, pointi hufunguka na kufunga mara 60 kwa sekunde. Saa moja ya kumwagilia ni mara 216,000. Sijui kifaa kingine cha bei ndogo hivyo kinachofanya kazi kubwa hivyo shambani.

Kwa nini inakufa ikiwa imelala?

Vichwa vya pointi hutengenezwa kwa tangsteni, chuma kigumu kilekile cha waya unaong'aa ndani ya balbu za zamani. Tangsteni inavumilia moto, ila unyevu unaiharibu taratibu. Mashine ikikaa stoo msimu mzima wa mvua, utando wa kijivu au mweusi hujiunda juu ya vichwa vile. Kwa macho huuoni vizuri, lakini umeme mdogo wa koili hauwezi kuupenya. Mashine inayofanya kazi kila siku huuchoma utando huo yenyewe. Mashine iliyolala haina wa kuuchoma.

Ndiyo maana mama wa Lamadi hakukosea chochote alipoihifadhi mashine yake. Alimwaga petroli, jambo jema kwa kabureta. Pointi zilikuwa na ugonjwa wao wa pembeni.

Ugonjwa wa pili ni oili. Sili ya shafti, yaani mpira unaozuia oili isitoke, ikichoka, oili huingia kwenye chumba cha pointi. Utaona vichwa vyeusi vyenye ngozi ya oili iliyoungua. Ukivisafisha bila kubadili sili, utarudi tena baada ya wiki.

Ugonjwa wa tatu ni uchakavu. Mguu wa pointi unaosuguana na kemu, uliotengenezwa kwa kitu kama plastiki ngumu, huliwa kidogo kidogo. Ukiliwa, upenyo unapungua, pointi zinachelewa kufunguka, na cheche inachelewa. Mashine inapoteza nguvu, inapata joto kupita kiasi, mwishowe inakataa.

Kabla hujafungua

Kufikia pointi kwenye injini nyingi ndogo lazima utoe flaiwili, na hiyo si kazi ya kukimbilia. Anza na mambo mawili ya nje.

La kwanza, jaribu cheche. Sogeza kidumu cha petroli mbali, futa iliyomwagika, na uache hewa ipite. Toa plagi, irudishe kwenye waya wake, gusisha mwili wake wa chuma kwenye chuma cha injini ukiishika kwa koleo yenye mpira, kisha mwenzako avute kamba. Weka mashine kivulini ili uone vizuri. Cheche ya buluu yenye sauti ya "ta" ni nzima. Ya njano na dhaifu ni mgonjwa. Isipoonekana kabisa, endelea.

La pili, tenganisha waya wa swichi ya kuzimia. Swichi hiyo huzima injini kwa kuupeleka umeme wa pointi kwenye chuma cha injini. Waya ukichubuka na kugusa bodi, au panya wakiutafuna wakiwa stoo, injini inakuwa imezimwa saa zote. Nimeona watu wakibomoa flaiwili kwa kosa la waya wa sentimita mbili. Utenganishe, vuta kamba tena. Cheche ikirudi, ukarabati umekwisha.

Karatasi ya daftari

Cheche isiporudi, sasa fungua. Funga koki ya petroli, chomoa waya wa plagi na uufunge mbali. Toa kifuniko cha kamba, legeza nati ya flaiwili. Kwenye Briggs za zamani penye nati utakuta klachi ya stata. Nayo hufunguliwa kwa kuizungusha. Flaiwili itolewe kwa pula, chombo cha kuivuta kwa skrubu. Usipige nyundo ncha ya shafti. Pigo moja baya linapinda shafti, na hapo gharama inapanda kutoka karatasi hadi injini.

Angalia kii, kile kichuma kidogo kinachofungia flaiwili kwenye shafti isihame. Kikiwa kimekatika nusu, umeupata ugonjwa hata kabla ya kufika kwenye pointi: sumaku imehama nafasi, cheche inatoka wakati usio wake.

Chini ya flaiwili kuna kibati kilichoziba chumba cha pointi. Kabla ya kugusa chochote, piga picha kwa simu. Waya zile zikirudi vibaya, na karatasi ndogo za kuzuia umeme zikisahaulika, hata fundi mzuri atahangaika.

Tenganisha vichwa kwa ukucha au bisibisi ndogo na uvitazame:

Rangi ya kijivu nyepesi, uso ulio sawa: ni vizima, vina utando tu.
Weusi wenye mafuta: oili inavuja, tafuta sili.
Rangi ya buluu, au kichwa kimoja kina shimo na kingine kina kichuguu: kondensa inakufa, chuma kimehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kwa utando, fundi wa Lamadi alichukua kipande cha msasa mlaini sana, ule wa maji namba 400, akaukunja pande zote mbili ziwe na msasa, akaupitisha katikati ya vichwa mara tatu au nne tu. Hakukwangua sana, kwa sababu kila unachokwangua ni chuma unachokitoa kwenye maisha ya pointi. Kisha ndipo karatasi ya daftari ilipofika. Msasa huacha chembe za mchanga zilizojichomeka kwenye tangsteni, na chembe moja inatosha kuzuia umeme. Akachana kipande cha karatasi safi, akakichovya kidogo kwenye petroli, akafunga pointi juu yake, akakivuta. Kikatoka na mstari mweusi. Akavuta kingine. Mstari wa kijivu. Cha nne kilitoka cheupe, akasema basi.

Ndiyo dawa yenyewe. Nimeiandika kwa kirefu kwa sababu wengi wanaishia kwenye msasa, mashine inakataa, wanalaumu koili.

Wembe badala ya geji

Kilichobaki ni upenyo kati ya vichwa. Zungusha shafti kwa mkono mpaka kemu iwe imezitenganisha pointi kwa kiwango cha mwisho, kisha pima. Honda nyingi ndogo zinataka milimita 0.3 hadi 0.4. Briggs & Stratton za zamani zinataka karibu milimita 0.5. Kama kitabu cha injini yako kipo, fuata kitabu.

Chombo sahihi ni fila geji, kile kifungu cha bapa nyembamba za chuma zilizoandikwa vipimo. Kama huna, duka lolote la Bariadi linauza wembe. Wembe wa kawaida wa pande mbili una unene wa milimita 0.1. Nyembe 3 zikibanwa pamoja ni 0.3, nyembe 4 ni 0.4, 5 ni 0.5. Zifute mafuta ya kiwandani, zishike kwa kitambaa, zipitishe. Ziwe zinapita kwa kugusa pande zote mbili, bila kulazimisha na bila kucheza. Legeza skrubu ya pointi, sogeza kidogo, kaza, pima tena, kwa sababu kukaza mara nyingi kunasogeza kile ulichokipima.

Upenyo mkubwa mno hufanya cheche itoke mapema. Utaijua kwa mkono: ukivuta kamba, inakurudia kwa nguvu na kukunyang'anya. Upenyo mdogo mno huchelewesha cheche na kuunguza pointi. Mwisho, paka grisi kwenye kemu, kiasi cha punje ya uwele, usizidishe. Ikizidi, itarushwa kwenye vichwa na kazi yote ya karatasi itakuwa bure.

Kwa ufupi: msasa kidogo, karatasi nyingi, nyembe kwa hesabu, grisi kama punje ya uwele.

Lini ubadilishe?

Badilisha pointi pale shimo limekuwa refu kiasi kwamba kulisawazisha ni kumaliza kichwa, pale spring imelegea, au pale mguu umeliwa hadi upenyo haufiki hata ukisogeza skrubu hadi mwisho wake. Na ukibadili pointi, badili na kondensa. Ni kifaa cha bei ndogo, na kondensa mbovu inaweza kula pointi mpya ndani ya siku chache. Ukiagiza Mwanza, peleka pointi za zamani na namba iliyogongwa kwenye injini. Mtu anayekwenda kununua kwa kueleza kwa mdomo hurudi na kifaa cha injini nyingine.

Mashine inayowaka vizuri asubuhi, ikipata joto inazima, na ikipoa inawaka tena, mara nyingi haidai pointi. Shuku kondensa kwanza, kisha koili. Hapo ndipo safari ya Mwanza inapokuwa na sababu.

Kuhusu kifaa cha kielektroniki kinachouzwa kuchukua nafasi ya pointi na kondensa: kinafanya kazi kwenye injini nyingi za zamani, na kwa mashine inayopiga maji kutwa nzima kila siku ya kiangazi, nakishauri. Hakichakai kwa kusuguana, hakijali utando. Lakini kikifa Jumapili katikati ya shamba, hakuna karatasi wala wembe utakaokifufua. Kwa mashine inayotumika mara mbili kwa wiki, pointi zilizotunzwa zinatosha, na ningebaki nazo.

Trekta la Ferguson

Neno fupi kwa wale wachache wenye trekta la petroli la Ferguson TE20, lile dogo la kijivu lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000, na baadhi yalifika Afrika Mashariki. Mengine yalikuwa ya dizeli, kwa hiyo hakikisha kwanza lako ni la aina gani.

Pointi zake hazipo chini ya flaiwili. Zipo ndani ya distribyuta, kikombe chenye kofia na waya tano, kinachogawa cheche kwa silinda nne kwa zamu: 1, 3, 4, 2. Hii ni nafuu kubwa, maana unafungua vibano viwili tu na pointi ziko mbele yako. Linatumia betri na si magineto, kwa hiyo usiache swichi wazi injini ikiwa imezimwa. Pointi zikiwa zimegusana, koili itapata joto na betri itaisha. Ukitoa waya za plagi, weka alama kila mmoja. Usafishaji wa karatasi ni uleule. Kipimo cha upenyo kimetofautiana kulingana na injini na distribyuta iliyofungwa, kwa hiyo tafuta kitabu cha trekta lako na si la jirani.

Kabla ya kuilaza tena

Novemba itakuja na mashine itarudi stoo. Mwaga petroli, washa mpaka kabureta ikauke, iweke juu ya mbao na si sakafuni, mbali na mbolea, maana chumvi ya mbolea inakula chuma. Funga waya zote juu panya wasizifikie. Kila wiki kadhaa zungusha shafti kwa mkono mara moja.

Na ukishasafisha pointi zako, chukua kalamu ya wino usiofutika, geuza kifuniko cha kamba, na uandike kwa ndani vitu vitatu: tarehe, upenyo uliouweka, na idadi ya nyembe ulizopimia. Atakayeirithi mashine hiyo ataikuta.